Kaka amepigwa na askari, kituo kimekataa kuandika OB: tulivyofanya sisi

Dada, pole sana kwa yaliyompata kaka yako kwenye msako. Umeuliza kama kesi imekufa kwa kuwa afande wa zamu alikataa kuiandika kwenye OB, daftari la matukio la kituo. Haijafa. Mpwa wangu, mwendesha bodaboda hapa Mombasa, alipigwa rungu na askari wa doria akavunjika mkono, na kituoni tukajibiwa: "Mzee, huyu ameanguka na pikipiki."

Kilichotusaidia ni hospitali. Askari waliomleta walishamwambia karani kuwa ni ajali, na ndivyo kadi ilivyoandikwa. Nikamwomba daktari amsikilize mgonjwa mwenyewe. Akainua picha ya eksirei kwenye mwanga, akanionyesha mfupa wa upande wa kidole cha mwisho, umekatika katikati ya kiwiko na kifundo. Anayeanguka, akasema, hutanguliza kiganja na mara nyingi huvunjika karibu na kifundo. Huyu aliinua mkono kukinga kichwa. Akayaandika hayo. Kwa hiyo mpeleke kaka yako leo, aeleze kwa kinywa chake alipigwa na nani na kwa kitu gani, na mchukue nakala ya kila karatasi.

Fomu ya P3, ile daktari anayojazia majeraha kwa ajili ya kesi, hutolewa na polisi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Sisi tulikwenda kituo kingine, tukaandikiwa OB na fomu tukapewa. Hakikisheni daktari amejaza sehemu ya aina ya silaha na ile ya kiwango cha jeraha.

Kisha nendeni IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Malalamiko wanayapokea hata kwa mdomo, na wewe unaweza kuyapeleka kwa niaba yake. Si sawa na kitengo cha masuala ya ndani, ambako polisi huchunguza polisi wenzao. IPOA huchunguza na kupendekeza. Kushtaki ni kazi ya DPP, mkurugenzi wa mashtaka ya umma. Huchukua muda, tena muda wa kuumiza. Dada yangu alifika mahali akachoka kuulizia faili la mwanawe, lakini leo askari mmoja yuko kizimbani.

Mkiambiwa "askari alikuwa kazini", msinyamaze. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi linataka njia za amani zitangulie, na nguvu ikitumika iwe ya kadiri. Aliyejeruhiwa apatiwe matibabu mara moja na jamaa zake wajulishwe. Amri ya mkubwa si kinga. Askari mwenye sare lazima jina au namba yake ionekane. Kaka yako akikumbuka hata tarakimu mbili, ziandike.

Sikufichi hatari. Josephat Mwendwa, naye wa bodaboda, alimlalamikia askari aliyempiga risasi. Juni 2016, wakitoka kortini Mavoko, alitekwa na kuuawa pamoja na wakili wake Willie Kimani na dereva wao Joseph Muiruri. Polisi watatu walipatikana na hatia mwaka 2022. Basi asitembee peke yake, na kitisho chochote kifikisheni IPOA kwa maandishi, mkiomba pia ulinzi wa mashahidi.

Nguo alizovaa siku ile msizifue. Ziacheni zikauke, mzitie kwenye mfuko wa karatasi, mmkabidhi mpelelezi wa IPOA mkononi. Kituo kile kilichokataa kuandika OB wakiziomba, msiwape.