Swali na Jibu: Kupanga Folda na Faili

SWALI: Ninahifadhi picha za milango ya nakshi ya Mji wa Kale katika kompyuta ya Mac, lakini folda zinachanganyika na faili. Nifanyeje?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Ndugu msomaji, fungua mipangilio ya Finder, yaani programu ya Mac ya kuonyesha folda na faili, uende sehemu ya mwisho, utie alama kwenye chaguo la kuweka folda juu unapopanga kwa jina, ambalo limekuwepo tangu mfumo endeshi wa Mac uitwao macOS Sierra wa 2016. Hata hivyo, kwa kuwa kompyuta hulinganisha majina kuanzia herufi ya kwanza, ninakusihi sana uanze jina la kila picha kwa mwaka, mwezi, kisha siku, mfano 2024-03-09, kwani ukitanguliza siku, picha za Machi zitaingiliana na za Novemba.