Mwanangu alidhani mama yake mkubwa ni dada mpya wa kazi

Mleta mada ameuliza: sisi tuliokulia kwenye shida na sasa tumepata kidogo, tuwaonjeshe watoto shida ili wasije kuwa legelege? Wachangiaji wengi mmesema ndiyo, walime, watembee kwa miguu kama sisi. Nitajibu kwa yaliyonikuta, maana jambo hili limenikaa rohoni tangu mwaka jana.

Nimezaliwa kijijini Njombe, enzi hizo bado iko ndani ya mkoa wa Iringa. Anayeijua Njombe ya Juni na Julai anaijua baridi yake. Unaamka majani ya viazi yameungua kwa sakitu, unakwenda shule na kuni kichwani na kidumu cha maji mkononi, vidole vya miguu huvisikii. Sioni cha kujivunia hapo. Nikisikia mtu anasema shida ilimjenga, namkumbuka dada yangu.

Ananipita miaka mitatu. Mwaka 1996 alimaliza la saba akachaguliwa kwenda sekondari. Baba aliuza mahindi, akauza na mbuzi, hela haikutosha. Mwaka uliofuata akaja mama mmoja kutoka Dar kutafuta binti wa kazi. Mnajua wenyewe mabinti wa Iringa wanavyotafutwa. Dada akapanda basi na mfuko wa rambo, ndani gauni mbili na kanga ya mama.

Alianza kwa mshahara wa shilingi 8,000 kwa mwezi. Kila baada ya miezi miwili bahasha ilifika kwa mkono wa kondakta, imezungushiwa uzi mweusi wa kushonea, juu jina la baba kwa mwandiko wake ule wa kulala. Mwaka 1999 nikachaguliwa mimi, na safari hii ada ikapatikana. Sweta, godoro, ndoo, sanduku, vyote vilitoka kwenye bahasha zile. Sikuwahi kulivaa lile sweta bila kujua ni la nani.

Leo mimi ni mwajiriwa wa serikali, mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, tumejenga Isyesye. Watoto wetu wawili wanasoma shule ya Kiingereza, basi linawafuata getini. Tuna binti wa kazi, naye katokea Njombe. Kijijini nilikuwa naenda mwenyewe, kwenye misiba, watoto nawaacha: mara shule, mara baridi. Dada namtumia hela kwa simu, nikaona nimemaliza.

Mwaka jana mwezi wa nane alikuja bila kunitajia siku, na gunia la viazi. Mimi niko kazini. Dada hawezi kukaa bure. Alifunga kanga kiunoni, akaanza kuosha vyombo pamoja na binti. Nilipofika, kitinda mimba wangu wa miaka 8 alinikimbilia getini. "Mama, dada mpya amekuja! Nimemwambia aniletee maji, ameleta."

Dada alikuwa amesimama mlangoni anajifuta mikono. Alisikia. Nikapiga goti nikamwamkia shikamoo, kama tulivyolelewa, na mtoto akabaki ananitazama mimi na yeye, hajui kinachoendelea.

Usiku ule niliwasimulia watoto habari ya bahasha. Dada akaongeza yake, mengine hata mimi nilikuwa siyajui. Kwamba kule Dar alikula baada ya wote kumaliza, ameketi sakafuni jikoni. Kwamba kila Jumapili jioni alipiga pasi sare ya binti wa nyumba ile, aliyekuwa kidato cha kwanza, darasa lile lile ambalo yeye angekuwepo. Wakishalala, anafungua madaftari ya yule binti, anasoma, kisha anayarudisha kwenye begi kwa mpangilio ule ule ili isijulikane. Aliyasema hayo huku anamenya viazi, hakuinua macho.

Ada ya shule za serikali mpaka kidato cha nne ilifutwa Januari 2016. Dada yangu alikuwa na miaka 35.

Kwa hiyo, mleta mada, mimi nasema hapana. Wanangu hawajapungukiwa shida. Walichopungukiwa ni kujua nani alilipa wao wakae pale walipo, na hilo nilipaswa kuwapa mimi. Kumtembeza mtoto pekupeku hakumfundishi jina la mama yake mkubwa.

Tumebadilisha mambo machache. Binti anakula mezani nasi. Watoto wanaosha sahani zao, kwa sababu yule binti si mkono wao. Na mshahara: amri ya kima cha chini iliyoanza Januari 2023 ilitaja shilingi 60,000 kwa anayekaa kwa mwajiri, nami nilikuwa nalipa hiyo hiyo nikijiona mwema. Nimeipandisha, na mchana watoto wakiwa shule anakwenda kujifunza cherehani. Juni hii watoto wamekaa wiki mbili kwa mama yao mkubwa. Sikuwapeleka wakateseke, nimewapeleka kwa ndugu zao, nao wamerudi wanataja majina ya binamu zao wote.

Siku dada anaondoka nilimsindikiza stendi ya Nane Nane. Nikamwomba radhi kwa maneno ya mwanangu. Akanishika mkono, akasema, "Mdogo wangu, mtoto hana kosa. Alinikuta naosha vyombo." Kondakta akaita abiria wa Makambako na Njombe, akapanda.