Usipake rangi bado: barua kwa mwanangu ambaye nyumba yake ya Tegeta imeingiwa na maji ya mafuriko

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma na picha zote nimezitazama, hata zile za gizani. Namshukuru Mungu wewe, mumeo na wajukuu zangu mko salama. Unasema maji yameshatoka, sakafu imekauka, na fundi yuko tayari kukwangua kuta na kupaka rangi Jumamosi ili wakwe zako wakija wiki ijayo wakute nyumba safi. Unataka kujua kama ni sawa. Si sawa, mwanangu. Mpigie fundi leo hii, asinunue hata kopo moja.

Sakafu ya vigae haikwambii lolote kuhusu nyumba, kwa kuwa vigae havinywi maji. Ukuta unakunywa. Tofali la saruji limejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, nao hupandisha maji juu kama utambi wa kibatari unavyopandisha mafuta. Itazame tena picha ya sebuleni: mstari wa tope uko usawa wa magoti, lakini ukuta umeiva rangi ya giza karibu kufikia swichi ya taa. Mafuriko hayakufika pale. Maji yamepanda yenyewe, na huenda bado yanapanda.

Yakipanda hubeba chumvi iliyomo kwenye udongo na kwenye saruji yenyewe. Yakishatoka kwa mvuke, chumvi hubaki, ndio ule unga mweupe unaofutika kwa kidole. Ikigandia ndani ya lipu, inaisukuma kutoka ndani hadi inabanduka. Sasa ukija na rangi nzito ya kung'aa, umeziba njia ya maji kutokea. Kwa wiki chache nyumba itapendeza, halafu rangi itaota malengelenge na kuanguka na lipu yake. Hapa Kilosa tumeyaona hayo baada ya mto Mkondoa kufurika Desemba 2009 na Januari 2010, mafuriko yaliyokata hata reli ya kati. Waliokimbilia rangi walipaka tena na tena.

Lakini kabla ya ukuta, umeme. Kwenye picha ya chumba cha watoto naona soketi iliyo chini ya ule mstari wa tope, na pembeni yake feni mmeichomeka kwa ekstensheni. Zimeni mein swichi sasa hivi. Soketi iliyozama hubaki na tope na kutu ndani hata uso wake ukiwa mkavu, na njia za nyaya ukutani zinaweza kuwa bado na maji. Tafuteni fundi umeme mwenye leseni afungue zote zilizozama, abadilishe soketi na apime nyaya. Friji nalo lisiwashwe mpaka likaguliwe. Mwambie mumeo nimesema mimi, na asinune.

Umeme ukishakuwa salama, kazi ya ukuta ni hii. Chukueni bisibisi, mgonge lipu polepole kwa mpini wake, kuanzia chini kwenda juu. Panapolia kama debe tupu, lipu imeshaachana na tofali, iondoeni. Ile skimingi ya jipsamu, yaani mpako laini wa juu ya lipu mliopigiwa mwaka jana, iliyolowa ikawa laini kama unga uliokandwa, ikwanguliwe yote mpaka juu ya alama ya unyevu, kwa sababu jipsamu haifai tena ikishalowa namna hiyo. Unga mweupe uondoeni kwa brashi kavu, msiuoshe kwa maji, maana maji yataurudisha ndani. Kisha madirisha wazi mchana kutwa, kabati na makochi vikae mbali na kuta, na subira. Ukuta wa tofali la inchi sita uliolowa hivyo huhitaji miezi, na masika haya yenye unyevu yatauchelewesha zaidi. Ukitaka kujua kama umekauka, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku nzima. Ukibandua ukakuta umande nyuma yake au ukuta umekuwa na rangi ya giza, bado haujakauka.

Najua inauma kukaa na kuta zilizokwanguliwa huku wageni wanakuja. Mama mkwe wako nitampigia mimi. Ni mwanamke anayeelewa.

Sasa vitu. Magodoro ya sponji yatoke, yote, hata lile jipya. Maji yaliyoingia kwako si ya mvua peke yake, umeniambia chemba ya maji taka ya jirani ilifurika. Uchafu umezama katikati ya sponji ambako jua halifiki. Mnapofanya usafi vaeni buti na glavu, na mwenye kidonda asiingie kwenye tope. Ile homa ya mgunda iliyowapata watu wa Ruangwa kule Lindi mwaka 2022 hubebwa na mkojo wa panya na wanyama wengine, na huingilia hata kwenye mchubuko mdogo. Yeyote akishikwa na homa, misuli ikauma, macho yakawa mekundu, aende hospitali na amwambie daktari kwamba alikanyaga maji ya mafuriko. Asimeze dawa za kubahatisha.

Unga, mchele na maharage yaliyoguswa na maji, tupa. Usiyaanike.

Kabati la jikoni la chipbodi limekwisha, usimlipe mtu kulitengeneza. Ule ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Ukishavimba haurudi. Lakini kasha la mninga la bibi yako litapona. Futeni tope kwa kitambaa, mlinyanyue juu ya matofali, kivulini penye upepo. Jua kali litapasua mbao, kwa sababu nje hukauka na kusinyaa wakati ndani bado kuna maji. Droo zilizokwama msizivute kwa nguvu, zitaachia zenyewe mbao zikikauka.

Ukungu huanza ndani ya siku moja au mbili. Vigae na plastiki ziosheni kwanza kwa sabuni mpaka tope liishe, ndipo mtie dawa ya klorini, kwa sababu klorini ikikutana na uchafu nguvu yake huishia hapo. Na msiichanganye kamwe na ile asidi ya kusafishia choo, hutoa gesi inayoweza kuua mtu kwenye bafu dogo kama lenu.

Vyeti na picha ndivyo vilivyoniumiza nilipoona mmevianika juani. Viondoeni. Karatasi zilizoshikana msizibandue kwa kucha. Zifungeni kwenye mfuko wa nailoni, muombe nafasi kwenye friza ya jirani mwenye umeme. Baridi husimamisha ukungu, na hata watunza nyaraka hufanya hivyo mpaka wapate muda wa kukausha karatasi moja moja kivulini. Picha za albamu ziwekeni kwenye beseni la maji safi ya baridi mpaka ziachane zenyewe, halafu zilazwe uso juu. Kidole kisiguse uso wa picha, rangi yake sasa ni laini na itatoka nacho.

Mjukuu wangu mwenye pumu asilale ndani ya nyumba hiyo, hata usiku mmoja zaidi. Mumeo awalete watoto wote kwa treni hadi Morogoro, babu yao atawapokea stesheni, na walimu nitaongea nao kwa simu. Awaletee na dawa yake ya kuvuta, si ile inayokaribia kuisha. Wewe nitumie picha ya ukuta wa nyuma wa chumba chenu, upande wa nje, nione kama udongo wa bustani umepandishwa juu ya msingi. Kama umefika kwenye matofali, uchimbwe ushushwe kabla hamjagusa kitu kingine.

Mama yako