Kabla hujaandika XF: kwa wanaoanza na rupia na riale

Juzi nimeona tena rupia ya Wilhelm, ile sarafu ya fedha ya Afrika Mashariki ya Kijerumani yenye sura ya Kaisari, imesuguliwa mpaka inang'aa kama sufuria ya harusi, na chini yake mwenyewe kaandika "UNC, haijaguswa". UNC ni daraja la sarafu isiyowahi kutumika. Haijaguswa! Mikwaruzo inaonekana hata kwenye picha ya simu, yote imelala upande mmoja, kitambaa kilikopita. Wadogo zangu nawapenda, lakini mnanichosha. Haya, tuanze upya.

1. Msianze na daraja. Jiulizeni kwanza sarafu imepitia nini, ndipo mpime imelika kiasi gani. Rupia iliyolika kihalali mifukoni mwa makarani na askari ikabaki VF (nzuri sana, ila imetumika) ni mali safi. Yenye sharubu kamili za Kaisari lakini imepigwa dawa ya meno, unaandika "sura ya XF, imesuguliwa" (XF iko juu ya VF, imelika kidogo tu), na bei unaishusha bila kununa.

2. Taa moja, ya pembeni, na uigeuzegeuze polepole. Mng'ao wa kiwandani hutembea, miale inazunguka kadiri mkono unavyogeuka. Mng'ao wa kitambaa umekaa tu. Lenzi ya mara 10 ni ya kutafutia kasoro. Ukiitumia kupangia daraja, kila sarafu itaonekana mgonjwa.

3. Palipoinuka ndipo panapolika kwanza: kwa Wilhelm tazama tai juu ya kofia, sharubu na bega, kwa riale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya Austria, tazama nywele, lulu za kichwani na manyoya ya kifua cha tai upande wa pili. Ila pabapa si lazima pawe pamelika. Mhuri ukipiga dhaifu, mng'ao hubaki juu ya ubapa ule. Palipolika pana ukijivu uliokufa. Hili litawachukua muda, msikate tamaa.

4. Ukingo. Hapa naomba mnivumilie.

Familia moja ilinipa sarafu ya rupia mbili ya 1893 niwauzie. Mnaijua ile: kipande kizito, toleo la kampuni ya Kijerumani, miaka miwili tu, 1893 na 1894. Tai wa kofiani ana manyoya, uwanda, ile sehemu tupu kuzunguka picha, una mng'ao wake. Mizani ikasoma gramu 23.2, kiwango ni 23.32, nikatosheka. Nikaandika XF kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, nikawatajia wenyewe bei, kisha nikampelekea mzee mmoja aliyekuwa akinunua kwangu bila hata kutoa lenzi.

Mzee akaishika ukingoni kwa vidole viwili, kama inavyotakiwa. Uso hakuutazama kabisa. Akawa anaizungusha taratibu, akasimama juu ya kofia, saa sita kamili. "Mwanangu, hapa meno yamekwenda wapi?"

Meno, ile mistari ya ukingoni, yalikuwa yamelazwa kwa tupa, upana wa punje ya mchele, na pembeni tone la lehemu lenye umanjano kidogo. Ilikuwa kidani. Sonara alibandika kishikio, baadaye mtu akakibandua na kupasawazisha. Na mimi nimekulia nyumba ambayo bibi alivaa riale shingoni! Kama kuna mtu alipaswa kugeuza ukingo, ni mimi. Nikaanza kubishana kipumbavu: lakini Shikamoo mzee, uso si ni XF? Akanijibu marahaba, uso ni XF, na yeye hajaja kununua uso.

Hela nilirudisha palepale, hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Ngumu ilikuwa kurudi kwa wenyewe kuwaambia ile bei haipo, wakati wameshaipangia ada ya mtoto. Mama wa nyumba hakugomba. Alisema tu, "Si ulisema una uhakika?" Nilikunywa chai yake yote kwa sababu sikujua niweke wapi macho. Mzee bado ananunua kwangu, ila siku hizi anakuja na lenzi yake, na anaiweka mezani kabla ya salamu.

Pwani hii sarafu nyingi za fedha zilipita kwa masonara. Kagueni lehemu, kagueni matundu yaliyozibwa: rangi hubadilika, na herufi iliyochongwa upya haikai sawa na jirani zake.

5. Msisafishe. Ukwaju, ndimu, majivu, magadi: hapana. Asetoni safi ya kutoa mafuta na ule ukijani wa mifuko ya plastiki, sawa, bila kusugua. Weusi wa salfa acheni ulivyo.

6. Riale ya "1780" iliendelea kupigwa baadaye ikiandikwa mwaka huohuo, Vienna, Roma, London, Bombay na kwingineko. Kuipata UNC si muujiza. Pimeni gramu 28.07, someni maandishi ya ukingoni, mtulie.

7. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946 ni robo tu fedha. Ya 1948 haina kabisa. Kuna kijana aliniuzia ya 1948 "kwa bei ya fedha". Nilinunua, nikamrudishia na chenji, aone haya.

8. Ukisita kati ya VF na XF, andika VF. Mnunuzi akiona ni XF hatakusahihisha. Atalipa haraka na kuaga bila kuomba punguzo. Ukiona hivyo mara moja moja, vumilia. Ukiona hivyo kila wiki, nipigie, mimi ndiye nitakayenunua.