Jimbo la Mashariki Lilikwenda Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, babu yetu hapa Bagamoyo husema kwamba Mwalimu Nyerere aliwahi kuwa mjumbe "wetu". Tunavyojua sisi, Butiama ni mbali na pwani. Je, ni kweli?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Babu yako yuko sahihi. Katika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, nchi iligawanywa katika majimbo 10 tu, na Bagamoyo ilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki, pamoja na Morogoro. Mwalimu aligombea humo katika awamu ya kwanza, akamshinda Patrick Kunambi.

Upigaji kura wenyewe ulikuwa wa ajabu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Tena si kila mtu aliyeruhusiwa, kwa kuwa ilitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Wavuvi wengi wa pwani, nadhani, waliishia kutazama tu. TANU ilibishana vikali juu ya masharti hayo mjini Tabora, Januari 1958, kabla ya kukubali kushiriki.

Mwaka 1960 kura tatu ilifutwa, viti vya kuchaguliwa vikawa 71, na lile jimbo kubwa likavunjwa.