Hita inapuliza baridi tupu: maswali yenu na majibu

Maswali mengi safari hii ni ya hita, na karibu yote yanaishia pale pale: ninunue kifaa gani? Usinunue chochote kabla hujaigusa mipira miwili inayopeleka na kurudisha maji ya hita. Jinsi ya kuigusa, na maana ya utakachokihisi, vimo katika jibu la kwanza. Majibu mengine yanaliegemea hilo.

Wataalamu, habari za kazi. Feni ya hita inavuma vizuri na hewa inatoka kwa nguvu, ila ni baridi hata niendeshe nusu saa. Nianzie wapi?

Nzuri. Hita ya gari la petroli au dizeli haina moto wake, inaazima joto la injini. Maji ya rejeta yakishapita kwenye injini, sehemu yake huingia katika rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni hupuliza hewa kati ya mapezi ya rejeta hiyo, na hewa hiyo ndiyo inayokufikia. Basi ama maji ya moto hayafiki kwenye rejeta ndogo, ama yanafika lakini hewa inapitishwa kando.

Anza na kiwango cha maji, injini ikiwa imepoa kabisa. Kama rejeta kubwa ina kifuniko chake, kifungue uchungulie ndani, usiliamini kopo la akiba peke yake. Kopo linaweza kuwa limejaa huku rejeta ina pengo, kwa sababu kifuniko kilichochoka hakiwezi tena kuvuta maji kuyarudisha injini inapopoa. Injini ya moto usiifungue hata kidogo. Mfumo umebanwa kwa shinikizo la takriban bar 1, na maji yake yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100. Ukilegeza kifuniko, yanachemka papo hapo na kukurukia.

Kiwango kikiwa sawa, weka kidhibiti cha hita kwenye moto wa mwisho na feni kwenye namba ya chini, kisha endesha mpaka geji ya joto itulie mahali pake pa kawaida. Zima injini, fungua boneti, utafute mipira miwili, minene kama kidole gumba au zaidi kidogo, inayoingia kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Iguse kwa haraka kwa mgongo wa vidole. Jihadhari na feni ya rejeta, maana katika magari mengi inaweza kuwaka hata injini imezimwa.

Mipira yote miwili ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, maji yanapita vizuri na kosa liko upande wa hewa: kile kilango kilicho ndani ya dashibodi kinachoelekeza hewa kwenye rejeta ndogo au kuipitisha pembeni. Mmoja ukichoma na wa pili ukawa baridi, maji yanaingia lakini hayatoki: valvu ya hita imejifunga, rejeta ndogo imeziba, au hewa imenasa humo. Yote miwili ikiwa vuguvugu, rudi kwenye injini yenyewe, ushuku maji pungufu, thamostati (kilango kinachoyazuia maji yasiende rejeta kubwa mpaka injini ipate moto) iliyokwama wazi, au pampu ya maji iliyo dhaifu. Tofauti ndogo kati ya mpira wa kuingia na wa kutoka si ugonjwa, kwa sababu hewa imeshachukua joto lake. Ukiwa na kipimajoto, tofauti ya nyuzi 10 isikushughulishe. Ikipita 20 ilhali feni iko chini, mtiririko ni hafifu.

Nikiwa kwenye mwendo hita inachoma kabisa. Nikisimama kwenye foleni dakika mbili tu, hewa inapoa. Nikikanyaga mafuta, joto linarudi.

Dalili hii husema mambo mawili: maji yamepungua au kuna hewa iliyonasa. Rejeta ndogo mara nyingi iko juu kuliko sehemu nyingine za mfumo, kwa hiyo hewa hukimbilia huko. Injini inapozunguka polepole pampu haina nguvu ya kuusukuma uvimbe huo wa hewa. Mizunguko ikipanda, maji yanapenya.

Kuitoa hewa kunataka subira kuliko ujuzi. Injini ikiwa baridi, liegeshe gari pua ikiwa juu, kwenye mwinuko au juu ya stendi imara, ili mdomo wa kujazia uwe ndio sehemu ya juu kabisa. Weka hita kwenye moto wa mwisho, kwa sababu katika baadhi ya magari valvu ya hita hufungwa ukiiweka baridi, na hapo utakuwa unaitoa hewa kwenye mfumo nusu. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa, mara nyingi karibu na thamostati au kwenye mpira wa hita, ilegeze na uongeze maji taratibu mpaka yatoke mfululizo bila mapovu, kisha uikaze kwa upole. Nyingi ni za plastiki na hukatika upesi.

Sasa washa injini kifuniko kikiwa wazi, uongeze maji kadiri yanavyoshuka. Ikianza kupata moto, ishikilie kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika kwa nusu dakika, iachie, urudie. Mpira mkubwa wa rejeta ukishika moto ghafla, thamostati imefunguka, na hapo ndipo kiwango hushuka kwa kishindo. Jaza tena, funga kifuniko, acha injini ipoe kabisa, kisha kagua kwa mara ya mwisho. Mkupuo mmoja wakati mwingine hautoshi. Magari mengine hayana skrubu kabisa na mtengenezaji hutaka yajazwe kwa mashine ya kuvuta hewa. Hayo mpelekee fundi aliye nayo.

Kazi inaanza hasa pale hewa inaporudi baada ya wiki. Maji hayapotei bure. Tafuta michirizi mikavu ya rangi kwenye viungo, chini ya pampu na kwenye zulia la ndani. Usipoona kitu, ishuku gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake: mapovu yasiyokoma kwenye kopo, mpira wa rejeta uliokuwa mgumu asubuhi kabla ya kuwasha, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu. Kuna kipimo cha kemikali kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Gesi ya injini ikipenya kwenye maji, dawa hubadilika kutoka buluu kuwa njano. Fanya kipimo hicho kabla hujakubali mtu afungue injini.

Na kama mfumo umejaa, hauna hewa, na dalili haiondoki, geukia pampu. Panga zake zinaweza kuwa zimelika kwa kutu, au zile za plastiki zimepasuka na kuteleza kwenye mhimili wake. Kwa nje pampu ya namna hiyo haina kasoro yoyote.

Mimi ni kinyume: mjini hita iko sawa, nikiingia barabara kuu inapoa na geji inashuka. Taa ya injini nayo imewaka.

Thamostati imekwama wazi. Upepo wa mwendo unaipoza rejeta kupita kiasi, na thamostati ambayo ilipaswa kuyazuia maji imeyaachia. Mashine ya kusomea makosa huenda ikaonyesha P0128, maana yake maji hayakufikia joto linalotarajiwa. Ukiacha hali hiyo, hupati baridi tu. Injini isiyofika joto lake hunywa mafuta zaidi na kuchakaa mapema.

Ukiitoa, ichunguze kwanza: kwenye maji baridi ya kawaida inapaswa kuwa imefungwa kabisa. Itumbukize katika sufuria ya maji iking'inizwa kwa uzi isiguse chini, pasha moto ukiwa na kipimajoto. Nambari iliyogongwa juu yake, tuseme 82 au 88, ndiyo joto ambalo inaanza kufunguka. Mpya ifungwe na gasketi mpya, upande wa springi ukiangalia injini, na kitundu kidogo chenye kipini, kama kipo, kikae juu ili hewa ipite.

Kuna mafundi wanaoitupa thamostati kabisa ili gari “lisichemke”. Hiyo si tiba, ni kuubadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine.

Mpira mmoja unaunguza, wa pili ni baridi. Fundi anataka kushusha dashibodi nzima abadilishe rejeta ya hita. Nikubali?

Bado. Kwanza hakikisha hakuna valvu kwenye mpira wa kuingia. Si magari yote yanayo, lakini yale yenye valvu ya waya au ya vakyumu huwa inaganda ikikaa miezi bila kuchezwa. Mwambie mtu azungushe kidhibiti huku unaiangalia: isipotikisika, umempata mwizi. Mipira pande zote mbili za valvu nayo husema kitu, moto kabla yake na baridi baada yake.

Valvu ikiwa nzima au haipo, isafishe rejeta ndogo ikiwa pale pale ilipo. Injini ipoe, weka beseni chini, legeza klipu na utoe mipira yote miwili. Mpira ukiwa umegandana na bomba, upasue kwa kisu kwa urefu na ununue mwingine. Ukiuzungusha kwa nguvu utavunja bomba jembamba la rejeta, na hapo dashibodi itashuka kweli. Ndani ya mpira mmoja kunaweza kuwa na kipande kidogo cha kupunguza mtiririko, kisipotee na kisihamishwe upande.

Unganisha mpira wa bustani kwenye bomba la kutokea, maji yaende kinyume na njia yake ya kawaida, na ufungulie kidogo tu. Rejeta hii imetengenezwa kwa mfumo wa bar 1 na ushei. Bomba la nyumbani likifunguliwa lote linaweza kuipasua. Yatatoka maji ya kahawia yenye vipande. Badili upande, kisha rudi kinyume, mpaka yatoke meupe na kwa wingi ule ule unaoingia. Malizia kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke. Yakiendelea kutoka kwa kudondoka baada ya mizunguko minne au mitano, basi mwambie fundi wako aendelee.

Kinachoziba mara nyingi ni mkono wa binadamu: unga wa kuziba mivujo, ambao hauchagui tundu la kuvuja na mrija wa hita, maji ya bomba yenye chumvi, au kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta) za aina mbili zilizochanganywa zikafanya uji. Rangi isikudanganye, watengenezaji hawana makubaliano juu yake. Soma aina inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Nusu kulanti na nusu maji safi hustahimili baridi hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri.

Upande wa dereva moto, upande wa abiria baridi, na dashibodi inagonga tik-tik-tik nikiwasha.

Ni mota ndogo ya kilango. Meno yake ya plastiki yamevunjika, inazunguka bila kushika. Fungua skrubu zake mbili au tatu, itoe, na uzungushe mhimili wa kilango kwa vidole. Joto likirudi, badilisha mota tu. Mhimili ukizunguka ovyo bila upinzani, kilango chenyewe kimekatika, na hiyo ni kazi kubwa. Baada ya kufunga mota mpya, magari mengi hutaka ijifunze upya mwisho wa safari yake. Namna ya kufanya hivyo imo katika kitabu cha ufundi cha gari husika. Kwenye magari ya zamani ya kebo, angalia kwanza kama klipu ya kebo imechomoka. Ni kazi ya dakika tano.

Kama hakuna mlio wa tik-tik, usisahau kiwango cha maji. Katika magari mengine rejeta ndogo iliyoziba nusu hupasha upande mmoja tu.

Kioo cha mbele kinafanya ukungu wenye mafuta, na zulia la abiria limelowa.

Gusa maji hayo. Yasiyo na rangi wala harufu ni ya A/C, mrija wake wa kutolea umeziba. Yanayoteleza na kunuka utamu ni kulanti, na rejeta ya hita inavuja. Kwa muda, mipira miwili ya hita inaweza kuunganishwa yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba, ukakosa hita lakini ukaendelea kutembea. Kausha zulia mara moja: kulanti ina utamu unaovutia watoto na wanyama, na ni sumu inayoua.

Kuwasha A/C pamoja na hita ni kosa?

Hapana. A/C inakausha hewa, hita inaipasha, na ukungu unaondoka upesi.

Gari langu ni la umeme kabisa. Mipira hiyo miwili naitafuta wapi?

Usiitafute. Gari lako hupasha kwa hita ya umeme wa volti kubwa au pampu ya joto. Unachoweza kukagua mwenyewe ni mipangilio ya kiyoyozi, kama gari limezima joto kuokoa chaji, na fyuzi za volti 12. Ukifika kwenye nyaya za rangi ya chungwa, funga boneti na umwite aliyefunzwa kuzishughulikia.

Feni inafanya kazi namba ya mwisho tu, namba nyingine kimya.

Rezista ya feni imeungua. Kwa kawaida iko karibu na feni, chini ya kisanduku cha mbele ya abiria. Kagua na plagi yake, maana ikiwa imeyeyuka, rezista mpya nayo haitadumu.