Kumisa si kwenda misa

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Utajuaje kwamba sifa unayomwimbia Mungu imetoka moyoni?" Mimi nafundisha korali ya watoto katika parokia moja hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, upande wa Kadutu, na swali hilo nilitupiwa mapema na mtoto wa miaka 9, bila yeye kujua.

Ilikuwa repetisyo, yaani mazoezi ya korali, ya Alhamisi jioni. Tulikuwa tunarudilia wimbo wa Kilingala wa shukrani, ambao watoto wanauweza kweli: sauti ya pili inajua mahali pake, mabega yanakwenda pamoja. Nikawasimamisha, nikauliza, kwa kuwapumzisha koo tu, "Kumisa maana yake nini?" Kimya. Kisha mmoja wa mstari wa mbele, aliyevaa viatu vya dada yake, akanyoosha kidole. "Mwalimu, ni kwenda misa." Wenzake wakatikisa kichwa kukubali, wakinishangaa kwa kuuliza jambo la wazi namna hiyo. Kwa Kilingala kumisa ni kutukuza. Miezi minne walikuwa wanamwambia Mungu, kwa sauti tatu na ngoma juu, kwamba wanakwenda misa.

Nilicheka mpaka machozi. Halafu, nikipanda ngazi za udongo kurudi nyumbani, kicheko kikaisha. Katika ubeti wa pili wa wimbo ule kuna neno ambalo mimi mwenyewe silijui. Nimelifundisha hivyo hivyo, kama nilivyolisikia kwenye simu.

Sisi wa hapa tunasema Kiswahili sokoni, Kifaransa ofisini, Kimashi na wazee. Kilingala, wengi wetu, tunakiimba tu. Nyimbo zinatoka Kinshasa, yapata kilomita 1,500 kutoka kwetu, zinafika zikiwa tamu, tunazimeza. Kilingala hakina kosa. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba ataimba kwa roho, tena ataimba kwa akili pia, na mimi ile "akili pia" nilikuwa nimeiruka miaka yote.

Nilipomsimulia mama habari hiyo, nilidhani ataniunga mkono. Wapi! Yeye alikua wakati misa ni Kilatini, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, haujafungua mlango kwa lugha zetu mwezi wa Desemba 1963. Anasema walikuwa wanaimba Gloria nzima, yaani Utukufu, tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyewaeleza hata neno moja. "Na niliimba kwa moyo," akaniambia. "Nilichokuwa namwambia sikukijua. Ninayemwambia nilimjua." Hapo nilishindwa kujibu, na mpaka leo sijapata jibu zuri.

Kuhusu kelele, machozi na kuruka, nitasema kidogo. Siyadharau machozi, lakini siyatumii kama mizani. Kuna watu wanalia hata mbele ya filamu. Na yule anayeshika mikro na kutuamuru tumpigie Bwana makofi "kwa nguvu zaidi", mimi humpa makofi kwa adabu tu.

Kama kuna siku nimeisikia sifa ya kweli, ni Jumapili ya tarehe 16 Februari 2025. Waasi wa M23 walikuwa wanaingia mjini, kwa hiyo hatukwenda kanisani. Tulikaa sakafuni, mbali na dirisha, watu saba pamoja na mtoto wa jirani. Mama alianza Salamu Maria, akaiacha katikati. Akaanza upya kwa Kimashi, akimwita Mungu kwa jina la wazee, Nyamuzinda, na kumtajia vitu kimoja kimoja. Bidoni mbili za maji tulizojaza kabla ya milio ya risasi. Unga wa muhogo uliobaki kwenye ndoo. Mtoto wa jirani, kwa kuwa alikimbilia kwetu, hakukimbilia barabarani. Kila alipotaja kitu, sisi tuliitikia, "Asante."

Alipofika kwa kaka yangu, ambaye simu yake ilikuwa haipatikani tangu Ijumaa, alinyamaza. Hakushukuru, hakuomba. Tukasubiri. "Hapo sina neno," akasema, akamruka, akaendelea na gunia la makaa.

Nimeimba Utukufu mara nyingi sana maishani, na sidhani niliwahi kusema ukweli mbele ya Mungu kama mama alivyousema katika "sina neno" ile. Asante zake nyingine zote nilianza kuziamini hapo hapo. (Kaka alipiga simu Jumanne, kutoka Uvira. Jioni hiyo mama aliimba, na majirani walisikia.)

Labda ndiyo maana napenda majina yetu. Huku Kivu utakutana na Aksanti na Asifiwe kila kona, na nyuma ya kila jina kuna mama anayeweza kukueleza ilikuwa asante ya nini: ya homa iliyoshuka, ya mimba iliyokaa baada ya nyingine kutoka.

Sasa kwenye repetisyo hatuanzi wimbo kabla ya kusema maneno yake kwa Kiswahili. Neno la ubeti wa pili niliuliza kwa mama mmoja aliyekulia Kisangani. Kisha nawaambia watoto wanaotaka waseme wanaimba kwa sababu ya nini. Mmoja alisema baba amerudi kutoka Shabunda, kwenye machimbo ya dhahabu, na mguu wake umepona. Mwingine alisema shule imemruhusu kufanya mtihani ingawa hajamaliza kulipa. Yule wa viatu vya dada yake alifikiri kwa muda, akasema wiki hii yeye hana kitu.

Nilimwambia basi asiimbe, apige ngoma. Wiki ya tatu hii, bado hajaniambia kitu. Ngoma anaipiga vizuri.